Sambaza ni samaki, sambaza ni kitenzi

Mwaka 2012 nilikaa saa nzima kwenye saiba moja, duka la intaneti la Nyawera, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, nikitazama ukurasa mmoja. Juu palikuwa na muhtasari wa makala kuhusu ziwa letu, mistari minane. Chini yake palikuwa na kisanduku cha malipo: dola zaidi ya thelathini, kwa kadi ya benki, ruhusa ya kusoma saa ishirini na nne. Mfukoni nilikuwa na franka elfu moja na mia tano, na hizo zote zilikuwa tayari za mwenye saiba.

Makala yenyewe ilikuwa kurasa chache tu, ya mwaka 1986, ya mtaalamu mmoja wa Ubelgiji. Swali lake lilikuwa kama kumleta dagaa wa Tanganyika ziwa Kivu hakukuwa balaa jingine la mazingira ya Afrika. Huyo dagaa sisi tunamwita sambaza. Ni samaki wa kung'aa, mrefu kama kidole, vitabuni Limnothrissa miodon. Kwao si Kivu. Alichotwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 akamwagwa huku, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa letu hayakuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vinavyoelea. Muongo mmoja baadaye ndugu zake walipelekwa bwawa la Kariba, na huko wanaitwa kapenta. Leo Bukavu bila sambaza haiwi Bukavu. Sahani ya mwanafunzi ni bugali na sambaza, na tarehe zikienda mbali ni bugali na harufu ya sambaza ya jirani.

Nilikuwa naandika TFC, ile kazi ya kumaliza miaka mitatu ya kwanza ya chuo, na ilikuwa inamhusu sambaza huyohuyo. Asubuhi nilimla, mchana nilimpima kwa rula, jioni naambiwa nilipe dola thelathini ili nijue alichofanya ziwani kabla mimi sijazaliwa.

Mwenye saiba akapita nyuma yangu.

"Petit, hiyo ukurasa haifungukake?"

"Inafunguka, yaya. Inataka makuta tu."

"Basi funga. Wengine wanangoja mashini."

Aliyeniokoa ni mwalimu wangu wa hidrobiolojia. Hakuwa na hiyo makala, ila aliniambia nikapande gari la Kavumu niende Lwiro. Asiyewahi kufika Lwiro hawezi kunielewa kirahisi. Unaacha mji, unapita mashamba na vumbi, kilomita arobaini na kitu, halafu chini ya milima ya Kahuzi unakuta majumba makubwa ya matofali yenye ua wa ndani, utadhani mtu ameng'oa chuo cha Ulaya akakipanda katikati ya migomba. Wabelgiji waliunda taasisi hiyo mwaka 1947, wakiiita IRSAC. Leo ni kituo cha taifa cha utafiti wa sayansi asilia. Maktaba yake ina rafu za mbao zinazopanda mpaka karibu na dari. Mzee aliyenipokea alivuta droo ndefu iliyojaa vikadi vilivyopigwa kwa taipu, akavipitisha vidole haraka kama mtu anayehesabu noti, akasimama kwenye neno Kivu.

"Hawa ndio wote walioandika juu ya ziwa," akasema. "Mpaka tulipofika."

Sikumuuliza walifika wapi. Niliketi pale siku mbili. Nilisoma kazi za Damas, mwanazuolojia wa Ubelgiji aliyelipima ziwa kuanzia mwaka 1935 akakuta maji yake yamepangana kwa matabaka, yale ya chini yakiwa yamejaa gesi. Siku hizi inajulikana kwamba humo kuna methani kilomita za ujazo kama 60, na hewa ya ukaa kama 300. Mwaka huohuo wa makala yangu ya dola thelathini, Agosti 1986, ziwa dogo la Nyos kule Kamerun lilitapika gesi ya aina hiyo usiku mmoja, watu wapatao 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa mara elfu na zaidi, na sisi tumejenga mpaka kingoni. Nilipokuwa nafunua zile karatasi za njano nilijiuliza ni nani kati ya wanaonawa uso kwenye maji haya kila asubuhi aliyewahi kuambiwa. Bibi yangu alinawa miaka sabini. Alichojua ni kwamba kuna mahali ukioga vibaya, pumzi inakata. *Mazuku*, aliita, upepo mbaya. Elimu alikuwa nayo, ila haikuwa na namba.

Sasa wakija watu kuniambia kwamba elimu iliyofungiwa ni usumbufu wa wanafunzi tu, huwa nawasimulia habari ya Liberia. Mwaka 1982 watafiti wa Ujerumani walichapisha makala katika jarida la Kifaransa la virusi, wakasema damu waliyoipima ya watu wa Liberia ina dalili za Ebola, kwa hiyo nchi hiyo ihesabiwe katika ukanda wa ugonjwa huo. Hakuna Mliberia aliyeshiriki kuiandika. Miaka thelathini na kitu ikapita. Ebola ilipopiga Afrika Magharibi mwaka 2014, ikaua zaidi ya watu 11,000 katika nchi tatu, wakuu wa afya wa Liberia walikuwa wakiamini kwamba haijawahi kufika kwao. Walipoziona zile makala za zamani, mwaka 2015, waliandika kwa uchungu kwamba kuipakua moja tu kungemgharimu daktari wao dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki. Damu ilitoka Liberia, na habari zake zilikuwa zinauzwa.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, milango ipo. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji wakubwa wakaanzisha Hinari, mlango wa mtandaoni wa kusoma majarida ya afya, na baadaye zikaja ndugu zake za kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Zote pamoja zinaitwa Research4Life. Kongo imo kwenye kundi la nchi zinazosoma bure. Bure kabisa. Nilipopata habari hiyo nilikuwa nimeshakuwa asistanti, na nilikaribia kulia, kwa sababu chuo nilichokuwa nafanya kazi kilikuwa kimejiandikisha zamani. Ila Hinari haimwandikishi mtu, inaandikisha taasisi, na taasisi inapewa neno la siri. La kwetu lilikuwa ndani ya daftari, daftari ndani ya droo, ufunguo wa droo ndani ya mfuko wa suruali ya mzee mmoja wa maktaba, na suruali hiyo ilikuwa Shabunda, msibani. Tulingoja wiki tatu.

Aliporudi alifungua droo polepole, akatoa daftari lililofungwa kwa kipande cha kitenge, akasogeza kiti mbele ya kompyuta.

"Geuka kwanza, bwana asistanti."

Nikageuka. Nikasikia vidole viwili vikitafuta herufi, tak, tak, kimya, tak. Nilipoangalia tena, ile makala ya 1986 na nyingine zote zilizonikimbia zilikuwa mbele yangu. Nilimchukia mzee yule miaka mingi. Siku hizi namwelewa. Alikuwa ameonywa kwamba neno la siri likitapakaa mno chuo kinaweza kufungiwa, na yeye ndiye angeulizwa. Mtu aliyezoea kupewa vitu vya msaada huvilinda hivyo, kwa kuwa anajua aliyetoa anaweza kuja kuchukua. Bangladesh waliliona hilo Januari 2011: wachapishaji kadhaa wakubwa waliyatoa majarida yao kwenye Hinari ya nchi ile, kwa hoja kwamba sasa kuna wanunuzi. Kelele zikapigwa, wakayarudisha.

Na kuna mlango wa uani. Mwaka 2011 Alexandra Elbakyan, binti wa Kazakhstan, alianzisha Sci-Hub, tovuti inayogawa makala bila ruhusa ya wachapishaji, na tangu hapo wanasayansi wengi duniani wanajua njia hiyo, wengine wakiwa wamekaa kwenye vyuo tajiri kabisa. Mahakama ya New York ilimhukumu mwaka 2017 kulipa fidia ya dola milioni 15. Sitamtetea hapa, wala sitajifanya mtakatifu. Lakini njia iliyonifaa kuliko zote haina kesi: kumwandikia mtunzi mwenyewe. Mistari mitatu, jina lako, mji wako, unachotafuta. Wengi hujibu. Mzee mmoja wa Ulaya, mstaafu, aliniletea PDF kumi na moja usiku mmoja, na mwishoni akauliza kama sambaza bado wanauzwa kwa kopo pale sokoni Kadutu. Nilimjibu ndiyo, ila kopo limezidi kubonyea chini.

Basi hadi hapo ungesema mambo yanakuwa mazuri. Kweli, kwa upande wa kusoma, kijana wa 2026 mwenye mega kwenye simu yake anapata vitu ambavyo mimi sikuviota. Watu waliokutana Budapest wakatoa tangazo la elimu iliyo wazi mwaka 2002 hawakupoteza muda wao. Ninacholalamikia mimi kimekuja baadaye, kimya kimya, na watu wengi wakakipigia makofi: kibanda cha kutoza pesa hakikubomolewa, kilihamishwa. Zamani kilikaa mlangoni kwa msomaji. Sasa kimewekwa mlangoni kwa mwandishi. Jarida la Nature lilitangaza mwishoni mwa 2020 kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe na kila mtu papo hapo atalipa euro 9,500. Nilianza kuhesabu ni mishahara yangu mingapi, nikaacha. Hata majarida ya kawaida yanataka elfu moja, elfu mbili. Kwa hiyo sisi tuliokuwa tunazuiwa kusikia, sasa tunasikia vizuri sana, ila tukitaka kusema tunaambiwa tupite dirishani tulipe.

Najua nitajibiwa kwamba kuna msamaha wa ada kwa nchi maskini. Upo, na nimeutumia. Lakini mara nyingi ni kwa majarida yaliyo wazi moja kwa moja, yale ya mseto, yanayouza makala nyingine na kufungua nyingine, hayamo, na mara nyingine unategemea nani kati yenu ameandikwa kama mtunzi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida. Na inabidi uombe. Kila mara unaomba.

Mwenye njaa haangalii mpishi, na mimi njaa ilinipeleka pabaya. Kwetu asistanti hapandi kuwa CT, cheo kinachofuata, bila kuwa na machapisho, na miaka inahesabiwa. Siku moja nikapata barua pepe inayoniita "Profesa Mashuhuri". Nilikuwa na miaka miwili kazini, deni la pikipiki na viatu pea moja. Jarida lilikuwa na jina zuri lenye neno "Kimataifa". Walitaka dola 150 tu. Binamu yangu aliye Kigali akalipa kwa kadi yake, nikamrudishia kwa simu mara tatu. Makala ilikubaliwa siku ya tatu, bila swali hata moja, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi. Ilipotoka, grafu yangu ilikuwa imegeuzwa miguu juu, na Bukavu ilikuwa mji wa Rwanda. Niliwaandikia wasahihishe, wakasema masahihisho ni dola 60. Mwaka uliofuata tovuti ikazimika, na makala ikafa nayo. Sijawahi kuiweka kwenye orodha yangu ya kazi. Hapa ndipo mara ya kwanza naitaja hadharani, na wenzangu watatu wakisoma watajua kwamba nao wamo.

Kuna njia nyingine ya kuchapisha, na hii ndiyo ya heshima: unakuwa mshirika. Wanakuja wenye mradi, wana mashine, wana fungu la kulipia jarida. Wewe una ziwa, una lugha, unajua ni saa ngapi boti zinarudi. Jina lako linakaa la nne kati ya tisa. Nisieleweke vibaya, nimefundishwa mengi na watu hao na wengine ni rafiki zangu. Lakini kila mwanasayansi wa Kongo anaijua hadithi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alifika Yambuku kukiwa na ugonjwa usiojulikana, akatoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu. Sampuli kutoka kwenye mlipuko ule zilisafirishwa mpaka Antwerp ndani ya chupa ya chai, thamosi ya buluu, virusi vya Ebola vikaonekana huko, na kwa miaka mingi waliotajwa vitabuni kuwa wagunduzi ni waliokuwa upande wa kufungua thamosi. Yeye aliendelea na kazi. Damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 ndiyo iliyozaa dawa ya mAb114, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020. Heshima yake imekuja akiwa mzee.

Mimi ugomvi wangu ni mdogo kuliko huo. Mwaka 2019 nilikubaliwa kuonyesha bango kwenye mkutano wa wataalamu wa maziwa, Ulaya. Viza inaombwa Kinshasa, na kutoka Bukavu hadi Kinshasa huendi kwa gari, ni ndege. Nilipanda, nikalala kwa shangazi Lemba siku kumi na mbili, nikapewa karatasi inayosema haijathibitika kwamba nitarudi nyumbani. Bango lilikuwa limeshatumwa kwa faili. Wenzangu walilichapisha, wakalibandika, wakanipigia picha yake. Watu wanalisoma, wamekunja mikono, na pale panapotakiwa kusimama mwenyewe pana kiti. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, benki zikafunga na ndege za abiria zikaacha kutua uwanja wetu wa Kavumu, hata hadithi hiyo imekuwa ya anasa.

Ila nimeona pia inavyoweza kuwa. Septemba 2023 kule Kamituga, mji wa dhahabu wa mkoa wetu huu wa Kivu Kusini, walianza kuonekana wagonjwa wa mpox ya namna ambayo madaktari hawakuizoea: watu wazima, na inapita kwa kujamiiana. Machi 2024 makala ya kwanza kuhusu tawi jipya la virusi hivyo ilikuwa imetoka, na kati ya waandishi wake walikuwamo watu wa Lwiro, ileile Lwiro ya vikadi vya taipu. Ilitoka kwenye jarida la Eurosurveillance, ambalo hamlipi kusoma wala hamlipi kuandika, kwa kuwa gharama zake zinabebwa na kituo cha Umoja wa Ulaya cha kuzuia magonjwa. Agosti 14 mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Chanjo za kwanza zilitua Kongo Septemba, mwaka mzima baada ya Kamituga kuanza kuugua, na hilo ni sikitiko jingine. Lakini habari ilisafiri bila kutozwa ushuru, kwa sababu kuna mfuko wa umma uliokubali kulipa. Brazili walilifanya hilo tangu 1998 na SciELO yao, mkusanyo wa majarida yanayosomwa bure mtandaoni. Haihitaji muujiza, inahitaji bajeti. Hapa mjini ISP, chuo cha ualimu, imekuwa ikitoa jarida la Cahiers du CERUKI miaka na miaka, na ukiniuliza mimi dola ya kwanza ya serikali ningeipeleka kwenye majarida ya namna hiyo, seva, mhariri na umeme, kabla ya kumlipia mtu yeyote euro elfu tisa.

Mwaka jana makala yetu moja ndogo juu ya mavuno ya sambaza ilitoka, jina langu safari hii likiwa la kwanza. Kwa Kiingereza, bila shaka. Mimi nawaza kwa Mashi, nimesomea Kifaransa, nimeandika kwa Kiingereza kilichopigwa pasi na mwenzangu. Wiki ileile nilipita kununua samaki kwa mama mmoja ambaye mume wake ni mvuvi, na ambaye tulimsumbua miezi kumi na minne kwa mizani na madaftari.

"Docta, munaendaka na ile hesabu wapi?" akauliza huku akijaza kopo. "Miaka yote munahesabia samaki yetu, hatujaonaka jibu."

Nikasema imetoka kwenye jarida. Akanyoosha mkono nimpe. Nikabaki na simu mkononi, kurasa kumi na mbili za Kiingereza na grafu.

Jumapili ile nilikaa nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Ulinichukua muda mrefu kuliko makala. Nilitoa fotokopi arobaini, nikaenda nazo ufukweni wakati wa mwezi mpevu, siku ambazo taa hazivuti samaki na wavuvi wanashinda wakishona nyavu. Mitumbwi mitatu mitatu ilikuwa imefungwa kwa ile miti mirefu, imevutwa nchi kavu. Nikasoma kwa sauti. Walisikiliza kwa adabu kuliko wanafunzi wangu. Nilipofika kwenye uzito wa mavuno ya kila boti kwa usiku, mzee mmoja akaweka sindano ya wavu chini.

"Rudilia hapo, mwanangu."

Nikarudia.

"Ninyi mulikuwa munatungojea hapa saa kumi na mbili, si ndiyo?"

"Ndiyo, muzee. Boti zinapofika."

Wakaangaliana. Kijana mmoja akacheka, akageuza uso.

"Saa kumi, wamama wa kule wanakujaka na mitumbwi yao katikati ya maji," akasema mzee. "Kwanza tunauzisha pale. Hapa tunaletaka ile iliyobakia."

"Nusu?"

"Kuna siku nusu. Kuna siku yote, tunabakisha tu ya kuwaonyesha ninyi."

Nilitoa kalamu, nikageuza fotokopi upande mweupe, nikamwomba aanze upya, polepole, na aniambie hao wamama wanatumia kopo la ukubwa gani.